Simba wa Baharini, Malkia wa Ziwani

Katika bahari za baridi kaskazini mwa dunia, kuanzia maji ya Aktiki hadi pwani za Uingereza, Norway na kaskazini ya Marekani, anaishi yavuyavu mkubwa ambaye Waingereza wamempa jina la manyoya ya simba. Wanasayansi wanamwita Cyanea capillata, yaani mwenye nywele. Mtu wa pwani yetu akimwona angemtambua upesi kuwa ni ndugu wa yavuyavu wanaosukumwa na mawimbi hadi ufukweni Dar es Salaam au Tanga, ambao wengine huwaita konyeza na wengine viwavi wa baharini. Asingeamini ukubwa wake tu. Mwaka 1865 Alexander Agassiz alieleza habari za mmoja aliyeonekana pwani ya Massachusetts, ambaye mwavuli wake ulikuwa na upana wa zaidi ya mita 2 na minyiri yake urefu wa mita 36 hivi. Huo ni urefu unaozidi wa nyangumi wengi.

Anachoma. Mwaka 1926 Arthur Conan Doyle alimfanya kuwa muuaji katika hadithi mojawapo ya Sherlock Holmes, ingawa katika maisha ya kawaida mtu huondoka na maumivu makali na michirizi mekundu, na ni nadra kufa. Hata akifa yeye mwenyewe, seli zake za kuchoma hubaki na kazi. Mwezi Julai 2010, katika ufuko mmoja wa New Hampshire, vipande vya yavuyavu mmoja aliyekwisha kufa viliwachoma watu wapatao 150.

Nimeanza na huyo wa mbali kwa sababu ya jina lake. Mnyama anayeogelea kwenye maji ambako simba hajawahi kukanyaga amepewa jina la simba, mnyama ambaye babu zetu wa Karagwe walimjua kwa sauti usiku. Na huku kwetu, katika ziwa linalopiga ufuko wa Bukoba, kuna yavuyavu mwingine, mdogo kama kifungo cha koti, ambaye mwaka 1907 aliandikishwa vitabuni kwa jina la victoriae. Yeye amebeba jina la malkia wa Uingereza. Wa kaskazini ana jina la Afrika, wa Afrika ana jina la kaskazini.

Ndiyo, kuna yavuyavu katika Ziwa Victoria. Mimi ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimekulia kwenye mkoa ambao kila mtoto anajua sato, sangara, dagaa, senene na kahawa. Yavuyavu sikufundishwa na mwalimu wa baiolojia wala wa jiografia. Nilimkuta katika historia, kwa sababu miaka 120 iliyopita kiumbe huyu alisaidia kuangusha nadharia kubwa kuhusu bara letu. Kisa hicho ndicho ninachotaka kukisimulia, maana nadharia yenyewe ilianguka lakini namna ya kufikiri iliyoizaa bado inatembea.

*

Kwanza tumjue mwenyewe. Jina la jenasi yake ni Limnocnida, maneno mawili ya Kigiriki yaliyounganishwa: ziwa, na mmea unaowasha. Kwa Kiswahili tungesema upupu wa ziwani. Mwili wake ni sahani ya ute inayopenyeza mwanga, yenye upana wa sentimita 2 hivi akikomaa, na ukingoni ina minyiri mingi myembamba kama nyuzi. Ana seli za kuchoma kama ndugu zake wa baharini, lakini silaha zake zinatosha kwa vijidudu vidogo vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula chake. Ngozi ya mtu haiwezi. Unaweza kuoga katikati ya kundi lao na usihisi kitu.

Ana njia ya ajabu ya kuongezeka. Pembezoni mwa mdomo wake, ulio mpana kuliko kawaida ya mayavuyavu, huchipua vichipukizi, na kila kichipukizi hukua kikawa yavuyavu mdogo kamili, kisha hujibandua na kwenda zake. Mkulima wa migomba hahitaji maelezo marefu hapo: mama anasimama, machipukizi yanatoka ubavuni. Tena ana hatua nyingine ya maisha, polipu ndogo sana inayojishikiza chini ya maji, ambayo mtu hawezi kuiona bila kifaa. Kwa hiyo siku ziwa limetulia, mayavuyavu wanaweza kutokea juu ya maji kwa maelfu, na baada ya muda wakatoweka kana kwamba hawajawahi kuwepo.

Kwa Wazungu wa karne ya 19, kiumbe huyu hakupaswa kuwepo. Kwa elimu yao, yavuyavu alikuwa mnyama wa bahari, mnyama wa chumvi. Mwaka 1880 walishtuka walipowakuta mayavuyavu wadogo katika tangi la mayungiyungi kwenye bustani ya Regent's Park, London. Profesa Ray Lankester na mwenzake George Allman walikimbizana kumwandika na kumpa jina. Baadaye ilibainika kwamba asili yake ni Uchina, na alikuwa amesafiri pamoja na mimea ya majini. Lakini tangi la bustani ni tangi la bustani. Ziwa zima katikati ya Afrika, mamia ya kilomita kutoka baharini, ni jambo jingine.

*

Mwanzo wa kisa uko Ujiji. Mwezi Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika kwenye Ziwa Tanganyika wakiwa hoi, wakiongozwa na kubebewa mizigo na wapagazi waliokuwa wakiijua njia hiyo miaka mingi kabla yao. Speke aliokota makombe ya konokono ufukoni akayapeleka London. Safari hiyohiyo, tarehe 3 Agosti 1858, aliachana na Burton aliyekuwa mgonjwa, akafika karibu na Mwanza na kuona ziwa jingine, akalipa jina la malkia wake. Basi makombe na jina vilitoka katika safari moja, na vyote viwili vina sehemu katika habari hii.

Wataalamu waliochunguza makombe hayo, na mengine yaliyokusanywa baadaye na wamisionari wa Ujiji, waliona kitu cha kushangaza. Konokono wa maji baridi kwa kawaida huwa na makombe membamba na yasiyo na mapambo. Hawa wa Tanganyika walikuwa wazito, wenye miiba, matuta na misokoto, kama konokono wa baharini kabisa.

Kisha mwaka 1883 mwanazoolojia Mjerumani, Richard Böhm, aliona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata alifariki huko Katanga, akiwa hajamaliza hata miaka 30. Habari aliyoiacha ndiyo iliyotikisa. Mwaka 1893 Robert Günther wa Oxford alimwandika kiumbe huyo rasmi na kumpa jina la Limnocnida. Konokono wenye sura ya bahari, na sasa yavuyavu. Swali likawa halikwepeki: bahari imefikaje hapa?

Aliyejitolea kulijibu alikuwa kijana mwenye akili kali, John Edmund Sharrock Moore. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye na mwenzake J. B. Farmer ndio, mwaka 1905, walioingiza katika sayansi neno ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu analikariri: meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kwa nusu. Kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1897, alikwenda Tanganyika kupitia Zambezi na Ziwa Nyasa, na kati ya 1899 na 1900 akarudi tena, safari hii akipanda kaskazini kupitia Kivu hadi Ziwa Edward, Albert na kwenye theluji ya Rwenzori.

Jibu lake lilikuwa zuri, na nadharia nzuri ni kama mtumbwi mpya: watu wanataka kupanda kabla hawajaangalia kama unavuja. Moore alisema konokono wa Tanganyika wanafanana na visukuku vya konokono wa baharini waliotoka katika miamba ya kipindi cha Jurasiki huko Ulaya. Kwa hiyo, zamani za dinosari, mkono wa bahari uliingia katikati ya Afrika kwa upande wa Kongo. Bahari ikajitenga, chumvi ikapungua kidogokidogo, na viumbe wake wakabaki wamefungiwa humo. Tanganyika ni bahari ya kale iliyosahaulika, na yavuyavu ni shahidi aliyesalia.

Nguzo ya hoja yake ilikuwa upekee. Katika safari ya pili aliyapita maziwa mengine akiwatafuta viumbe hao wenye sura ya bahari, na hakuwaona. Hivyo akahitimisha kwamba Tanganyika ni ziwa la aina yake, na mengine, likiwemo Victoria, ni maji ya kawaida yasiyo na historia ya bahari. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima chenye jina la The Tanganyika Problem, na ndani yake hoja hiyo ilijengwa ikasimama.

Mwaka huohuo, 1903, yavuyavu akapatikana katika Ziwa Victoria.

*

Aliyepeleka habari alikuwa Mfaransa Charles Alluaud, mkusanyaji wa wadudu aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwishoni mwa 1901, na watu wa aina yake, wenye chupa za spiriti na nyavu za vipepeo, walikuwa wameanza kufika kwa urahisi ambao Speke hakuuota. Huko Paris, Edmond Perrier, mkurugenzi wa makumbusho ya taifa ya historia ya asilia, akautangazia ulimwengu wa wasomi: Victoria nalo lina yavuyavu, wa jamaa moja na yule wa Tanganyika.

Pigo halikuishia hapo. Kijana mwingine, John Samuel Budgett, alikuwa amekwenda mto Niger mwaka 1903 kutafuta mayai ya samaki wa kale. Alipata alichokitaka, na pamoja nacho akapata mayavuyavu. Budgett hakuishi kuona maana yake. Alifariki Januari 1904 kwa malaria aliyotoka nayo safarini, akiwa na miaka 31, na vielelezo vyake viliandikwa na wengine. Miaka michache baadaye Limnocnida walijulikana pia katika mito ya bonde la Zambezi, na hata katika mito ya India.

Fikiria kidogo maana yake. Kama yavuyavu ni ushahidi wa bahari ya kale, basi kila palipo na yavuyavu panahitaji bahari yake: Victoria, Niger, Zambezi, India. Hoja ingelazimika kuizamisha nusu ya dunia ili kumwokoa kiumbe wa sentimita 2. Rahisi zaidi ni kukubali kwamba huyu ni mnyama wa maji baridi, amekuwa wa maji baridi kwa muda mrefu sana, na anajua kusafiri. Na konokono je? Msafara mwingine wa Tanganyika, wa William Cunnington mwaka 1904 na 1905, uliwaleta wataalamu kwenye maelezo tofauti: ziwa kubwa lililojitenga kwa muda mrefu huwapa viumbe nafasi ya kubadilika wakawa na sura zao wenyewe. Makombe mazito yalitengenezwa humohumo ziwani, kwa mapambano ya humohumo. Hayakurithiwa kutoka baharini.

Leo jiolojia imefunga mjadala. Kipindi cha Jurasiki kiliisha miaka kama milioni 145 iliyopita. Ziwa Tanganyika lina umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12. Shahidi wa Moore alikuwa anatoa ushahidi kuhusu tukio lililotokea kabla ya mahakama kujengwa.

*

Sasa turudi Bukoba, maana hapa ndipo kisa kinaponigusa.

Mji huu, kama kituo cha serikali ya kikoloni, ulianza Novemba 1890, wakati Emin Pasha alipofika kwa niaba ya Wajerumani. Emin alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa ndege, na alifuatana na Franz Stuhlmann, mwanazoolojia. Yaani bendera ilipandishwa Bukoba na watu wawili ambao jioni walikuwa wakikausha ngozi za ndege na kuandika majina ya Kilatini. Utawala na ukusanyaji wa viumbe viliingia kwa mtumbwi mmoja. Aliyehesabu watu kwa ajili ya kodi na aliyehesabu miiba ya konokono walitumia wapagazi walewale na njia zilezile.

Sisemi hivyo ili kuwalaani. Bila chupa za akina Böhm, Alluaud na Budgett, kisa hiki kisingesimulika. Ninachotaka tuone ni umbo la swali lao. Walipokuta kitu kisicholingana na matarajio, wazo la kwanza lililowajia lilikuwa kwamba Afrika imekihifadhi tu. Bahari ilikuja kutoka kwingine, ikasahaulika humu, nasi tukabaki kuwa kabati la vitu vya zamani ambavyo kwingine vimekwisha badilika. Ilichukua muda mrefu kufikia wazo jepesi kuliko hilo: kwamba vitu hivi vimetokea hapa, kwa sababu hapa pia muda unapita.

Wanahistoria wanaijua sura hiyo hata pasipo konokono. Wakoloni na waandishi wao walipokuta himaya za Karagwe, Kiziba na Ihangiro, zenye wakama, makoo na utaratibu wa mirathi, wengi walidai kwamba utawala huo lazima uliletwa na wageni wa kaskazini wenye damu bora. Bahari ya Moore na nadharia hiyo ya wageni ni mapacha. Zote mbili zinatazama kitu kilichokamilika na kuuliza nani alikileta.

Buhaya ina mfano mwingine, na huu una mwisho mwema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alifika Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba. Wazee walimweleza habari za Mkama Rugomora Mahe na za mti mtakatifu wa Kaiija, mahali ambapo masimulizi yanasema chuma kilifuliwa zamani sana. Schmidt alichimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha utafiti uliotokana na majaribio ya wafua chuma wazee wa Kihaya waliojenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao, wakaonyesha kwamba tanuri hizo zilifikia joto kali na kutoa chuma cha hali ya juu, kwa sababu hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kuingia.

Tofauti kati ya Katuruka na ziwani ni moja tu: Katuruka mtu aliuliza. Wazee walihesabiwa kuwa chanzo cha historia, na ardhi ikawaunga mkono. Katika makala za yavuyavu ninazozifahamu za miaka ya 1883 hadi 1907, mvuvi ni mtu wa kupiga kasia. Anaendesha mtumbwi, anashika wavu, anapewa malipo yake, anaondoka kwenye ukurasa. Lakini watu waliolala ziwani usiku kwa vizazi, waliomtolea Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba, kabla ya kusukuma mitumbwi, hawakuwa vipofu. Kiumbe anayetokea kwa maelfu juu ya maji yaliyotulia hawezi kuwa mgeni kwao mwaka 1903. Aligunduliwa mara ngapi kabla ya Alluaud? Kila alipochotwa pamoja na maji katika kibuyu, nadhani.

*

Kuna sehemu ya pili ya kisa ambayo Moore asingeweza kuijua, na ndiyo inayonipendeza kuliko zote.

Ziwa Victoria linaonekana kama kitu cha milele. Ukisimama juu ya mwamba Bunena na kutazama Kisiwa cha Musira, na nyuma yake maji yanayokwenda mpaka yanapoungana na mbingu, unaona kilomita za mraba 68,800 kama jambo lililokuwepo tangu kuumbwa. Kumbe ni ziwa kijana. Zamani mito ya upande huu, Kagera ikiwemo, ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya magharibi ilipoinuka pamoja na kupasuka kwa Bonde la Ufa, maji yalikosa njia, yakarudi nyuma na kujaza bonde. Kagera iligeuka. Mto ambao leo ndio mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, ukimwaga maji ya vilima vya Rwanda na Burundi kaskazini kidogo ya Bukoba, zamani ulikuwa unakwenda njia nyingine kabisa. Hayo yalitokea miaka laki chache tu iliyopita, ambayo kwa saa ya jiolojia ni asubuhi ya leo.

Tena likakauka. Mwaka 1996 timu ya Thomas Johnson ilichapisha matokeo ya kuchimba matope ya sakafu ya ziwa, ikaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita, katika kipindi cha ukame mkali, Ziwa Victoria lilikauka. Kina chake kikubwa ni mita 80 hivi tu, halina akiba kama Tanganyika yenye mita 1,470. Pale ambapo leo boti za dagaa huwasha taa usiku wa giza, palikuwa na nyasi. Kisha mvua zikarudi, na ziwa likajaa upya.

Maana yake ni kwamba kila kilichomo leo kimeingia, au kimetokea, tangu wakati huo. Samaki wadogo tunaowaita furu waligawanyika humo wakawa spishi zaidi ya 500, kwa kasi ambayo imewafanya kuwa mfano maarufu wa mageuzi ya viumbe duniani. Na yavuyavu, shahidi aliyeitwa kuthibitisha kwamba Afrika haibadiliki, lazima naye aliingia katika ziwa lililozaliwa upya. Jamaa zake wa maji baridi wanajulikana kwa hilo: polipu zao zinaweza kujifunga katika kifuko kigumu na kusubiri hali njema, na mimea ya majini huwabeba kutoka dimbwi hadi dimbwi. Limnocnida mwenyewe ametuonyesha uhodari wake karibuni. Ziwa Kariba, kwenye Zambezi, halikuwepo kabla ya bwawa kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo lina mayavuyavu.

Kwa hiyo kiumbe yuleyule anasimulia kinyume cha alichoitiwa. Aliitwa kuwa masalia. Amegeuka kuwa mhamiaji.

*

Sijaandika haya kwa ajili ya kuwacheka wafu. Moore alikosea kwa namna ambayo sayansi inaruhusu: alisema jambo lililoweza kupimwa, likapimwa, likaanguka. Kinachonisumbua ni sisi warithi. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara aliingizwa katika ziwa hili, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Inakadiriwa kwamba karibu spishi 200 za furu zilipotea, nyingi kabla hazijapewa jina na mtu yeyote wa maabara, ingawa bila shaka wavuvi walikuwa wanawatofautisha kwa rangi na kwa ladha. Baadaye gugu maji likafunika ghuba. Ziwa la utoto wa bibi yangu na ziwa ninalolitazama mimi yana jina moja na ufuko mmoja, lakini viumbe wake hawalingani.

Majina yanafuata njia hiyohiyo. Watoto wa Bukoba na Muleba wanaosoma Kiswahili na Kiingereza shuleni wanajua wanyama wa mbali kwa picha, na wengi wangemtambua kwa haraka yavuyavu wa filamu za katuni kuliko huyu anayeelea mita mia kutoka Nyamkazi. Wazee wa Bumbire, Ikuza na Kemondo waliovua kwa mitumbwi ya kushonwa wanapungua kila mwaka. Wanajua majina ya pepo, ya mikondo, ya samaki ambao hawapo tena, na huenda wanalo jina la kiduara hiki cha ute kisichouma mtu.

Kwa mwanafunzi wa historia, hapo pana kazi halisi, na haihitaji meli wala fedha nyingi. Inahitaji daftari, kinasa sauti, heshima, na Kihaya cha kutosha kusalimia watu kabla ya kuuliza. Likizo ijayo nitaanzia visiwani. Nitabeba picha ya Limnocnida iliyochapishwa kwa rangi, niiweke mbele ya mzee, ninyamaze, nisikilize kama atasema jina.